Kompyuta ya zamani iuze na historia yake, sio na rangi yake

Leo naomba tugombane kidogo, kwa heri lakini.

Kuna sentensi naiona kila siku kwenye matangazo ya kompyuta za zamani: "Ipo vizuri, haina tatizo lolote, njoo na hela yako." Mimi kazi yangu ndiyo hii, hapa Kilindoni, Mafia. Nanunua sipiyu zilizokufa, nazifufua, naziposti, nauza. Na msimamo wangu ni kwamba hiyo sentensi ndiyo inayotushushia bei sote. Kompyuta ya miaka 15 au 20 haiwezi kuwa "haina tatizo". Ama ilikuwa nalo likatengenezwa, ama inalo na wewe hujaliona. Muuzaji anayeandika tatizo lilikuwa nini, limetengenezwaje na nini hakijaguswa, huyo ana haki ya kudai bei kubwa zaidi, sio ndogo.

Huku kwetu hili si jambo geni. Nenda Jibondo au Chole ukamwangalie mtu anayenunua mashua kuukuu. Rangi haimshughulishi. Anainama, anatazama mkuku, anagonga mataruma, anauliza imekalafatiwa lini, na nani, ubao upi umebadilishwa. Mwenye mashua akijibu "ubao huu wa kulia tumeuweka mwaka juzi, na misumari mipya", mnunuzi hakimbii. Anatulia, maana sasa anajua ananunua nini. Ila akiambiwa "haina shida hii, wewe nunua tu", hapo ndipo mnunuzi anapokumbuka kuwa amesahau kitu nyumbani.

Sasa tuelewane kwanza "ya zamani" ni ipi, maana hapa watu wengi wanaingizwa mjini na video za mtandaoni.

Nchi yetu ina historia yake na kompyuta. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zuio likaja kulegezwa taratibu baadaye. Kwa hiyo IBM ilipotoa PC yake ya kwanza Agosti 1981, na wenzetu Marekani wakaanza kuweka kompyuta mezani sebuleni, sisi huku hatukuwa na cha kuweka. Televisheni yenyewe Bara imeanza 1994, wakati Zanzibar walishakuwa nayo tangu miaka ya 1970. Ndiyo maana ukifungua stoo ya shule au stesheneri ya zamani hapa kisiwani usitegemee kukuta mashine za miaka ya 1980. Utakuta Pentium III, Pentium 4, zile za rangi ya maziwa zilizogeuka rangi ya chai, zilizovuka bahari zikiwa tayari mtumba.

Mtu anaangalia video ya Apple-1 iliyouzwa mnadani Oktoba 2014 kwa dola 905,000, halafu ananipigia simu usiku: "Fundi, ninayo ya zamani ndani, tufanye biashara." Ndugu yangu, Apple-1 zilitengenezwa kama 200 tu, mwaka 1976. Pentium 4 zilitengenezwa kwa mamilioni. Uzee peke yake hauleti bei. Kinacholeta bei ni uchache, na ukamilifu, na mashine kuwaka.

Wengine wananiuliza dhahabu. Ndiyo, kwenye miguu ya RAM na ya prosesa kuna dhahabu, lakini ni utando mwembamba kuliko unavyofikiria, na kuitoa kunataka asidi kali. Sijaona mtu wa huku aliyepata faida kwa njia hiyo. Asidi unaivuta kwa mapafu, na ile unayomwaga inaishia kwenye kisima cha jirani. Achana nayo.

Kwa hiyo zamani yetu sisi ni ya kazi. Hapa kuna biashara mbili, na wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni kuuza mashine ya kufanyia kazi: mtu wa stesheneri, mwalimu, katibu wa kikoba, mama anayeandika mahesabu ya dagaa. Huyu hajali kama hadi diski ni ile iliyotoka kiwandani. Mwekee SSD, muongezee RAM, atafurahi. Ya pili ni kuuza kumbukumbu, kwa mtu anayekusanya mashine za enzi fulani. Huyu ukimbadilishia kitu bila kumwambia umemharibia. Anataka kibodi yake, stika zake, hata diski iliyokufa anaitaka kwenye mfuko pembeni. Kabla hujashika bisibisi, amua unamtengenezea nani.

Twende kwenye matengenezo, maana ndiko hela inakopotea.

Adui wa kwanza Mafia ni hewa yenyewe. Tumezungukwa na chumvi. Sipiyu iliyokaa miaka 10 kwenye chumba kilicho karibu na ufuko, ukiifungua utakuta miguu ya RAM ina ukungu wa kijani na skrubu zimeota kutu. Nusu ya mashine ninazoletewa na kuambiwa "mazabodi imekufa" hazijafa. Toa RAM, isugue miguu yake kwa raba ya penseli taratibu, ifute kwa spiriti, pangusa na tundu zake kwa burashi laini, rudisha. Spiriti ikiwa ile ya asilimia 70 ya dukani inafaa, ila ina maji ndani yake, kwa hiyo acha ikauke sawasawa kabla ya kuwasha. Ukipata ya asilimia 90 na kuendelea ni bora. Kazi hiyo ni ya dakika 20. Nimefufua mashine nyingi kwa raba ya penseli kuliko kwa kifaa kingine chochote nilichonacho.

Halafu betri. Mashine ikiwaka inakuambia mwaka ni 2002 na inadai ubonyeze F1, hiyo ni betri ya kidonge, CR2032, volti 3. Inauzwa mpaka kwenye maduka ya saa. Badilisha kila mashine inayopita mkononi kwako, usisubiri ife kwa mteja. Lakini ukikutana na mashine za nyuma zaidi, za mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyingine zina betri ya pipa iliyolehemiwa kwenye bodi. Hiyo ni mbaya. Ikizeeka inavuja, na uvujaji wake unakula njia za shaba kimyakimya hata mashine ikiwa haijawashwa. Ing'oe siku hiyo hiyo. Majimaji yake hayapatani na siki wala ndimu, kwa hiyo pakaza siki kidogo kwa pamba, safisha, malizia na spiriti. Ndipo upime njia moja moja kwa mita uone zipi zimekatika.

Tatu ni kapasita, zile silinda ndogo zilizosimama karibu na prosesa. Mashine za kati ya 1999 na 2007 hivi zilikumbwa na balaa la dunia nzima: kapasita nyingi zilitengenezwa kwa kemikali mbovu, zikawa zinavimba na kupasuka. Angalia kichwa chake. Kinatakiwa kiwe bapa. Kikiwa kimetuna kama tumbo la chapati ya kusukuma ikiwa motoni, au kina uchafu wa kahawia juu, hiyo imekwisha. Mashine yake inajizima yenyewe, au inawaka leo kesho inagoma, na mwenye mali anasema "ina majini". Haina majini. Zinabadilishwa zote kwa mkupuo mmoja, sio ile iliyovimba tu, kwa kapasita zenye uwezo ule ule, volti ile ile au zaidi kidogo, zile za kuhimili nyuzi 105. Mstari wa pembeni ndio upande wa hasi. Ukigeuza, itakupasukia usoni.

Na pawa saplai. Hapa nisikilize vizuri, hasa wewe unayeletewa mzigo na ndugu walio Marekani. Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu: 115 na 230. Wenzetu umeme wao ni mdogo, wetu ni 230. Mashine ikija na swichi kwenye 115, ukachomeka hapa, utasikia mlio mmoja na harufu, biashara imeisha. Angalia swichi kabla ya kitu chochote. Na usiifungue pawa saplai kama hujui unachofanya. Ndani yake kuna chaji ya zaidi ya volti 300 inayoweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Monita ya kichogo ndiyo kabisa, mle ndani inafika maelfu ya volti, zaidi ya 20,000 kwenye zile za rangi. Mimi monita za kichogo sizifungui. Ikiwaka nauza, isipowaka namwambia mwenyewe ukweli.

Mtaniuliza na ule unjano wa plastiki. Inawezekana kuurudisha weupe: ile krimu ya saluni wanayochanganyia rangi ya nywele, yenye haidrojeni peroksaidi, unapaka, unafunga na nailoni, unaanika juani. Na jua tunalo. Lakini kwa mashine ya kazi mimi sifanyi. Unapoteza siku nzima, ukipaka vibaya inatoka na mabaka kama ngozi iliyoungua, na baada ya muda unjano unaweza kurudi. Ukifanya, andika kwenye tangazo kuwa umefanya. Na kupiga rangi ya kopo juu ya kava la kompyuta, ile ya kupulizia, naomba tuache kabisa. Mnunuzi mwenye akili akiona rangi mpya anajiuliza unaficha nini.

Kwenye programu nitapita haraka. Windows XP ilitoka 2001 na iliacha kupata masahihisho ya usalama Aprili 2014. Windows 10 nayo ikafikia mwisho wake wa kawaida Oktoba 14, 2025. Mteja ana haki ya kuambiwa hivyo. Mashine ya XP inafaa kuandikia barua, kupigia mahesabu, kuendesha printa ya zamani ambayo haikubali kompyuta mpya. Haifai kuingilia benki mtandaoni, na anayemuuzia mtu kwa kazi hiyo anamtafutia msiba. Kwa mashine zenye nguvu kidogo mimi naweka Linux nyepesi na LibreOffice, bure na halali. Ila angalia umri wa prosesa: Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haitoi tena diski ya kufungia mashine za biti 32, kwa hizo ilibidi nibaki na Debian 12.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Kirongwe aliniuzia sipiyu yake kwa 40,000. Kapasita zilikuwa zimevimba, betri imekufa. Nikabadilisha, ikawaka, nikaposti picha. Siku ya pili akaja mnunuzi wa Dar kwenye inbox, hana maneno mengi: 220,000, lakini anaitaka na diski yake "kama ilivyo", isiguswe.

Nikafungua diski. Mle ndani kulikuwa na matokeo ya wanafunzi wa miaka mingi, majina kamili. Kulikuwa na barua za wazazi walioomba kusamehewa michango, kila mmoja ameeleza shida yake. Kulikuwa na picha za marehemu mke wa mwalimu ambazo, nilipompigia, alisema alidhani zimepotea milele. Yule mzee alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekata.

Picha nikamtolea kwenye flashi, nikampelekea. Diski nikaiandika sifuri juu yake mwanzo hadi mwisho, ikachukua kama nusu saa. Mnunuzi nikamwambia mashine ipo, diski ni tupu. Akaondoka. Nikakaa nayo wiki sita, ikaja kutoka kwa 160,000. Nimepungukiwa 60,000, ndiyo. Sijui yule bwana alitaka nini na diski ya mtu, labda hakuwa na nia mbaya, lakini zile barua hazikuwa mali yangu ya kuuza, wala za mwalimu hazikuwa.

Na hili sio suala la huruma tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Wauzaji wa vifaa vya mtumba tunajifanya haituhusu. Na jueni kwamba kufuta faili na kumwaga lile pipa la taka hakufuti kitu. Hata kuformati kwa haraka hakufuti. Mtu mwenye programu ya bure anazirudisha jioni moja. Lazima diski iandikwe juu yake yote, au itolewe arudishiwe mwenye nayo.

Najua mtakachoniambia, maana nimeshaambiwa: "Wewe unaandika matatizo kwenye tangazo, mteja akisoma si atakimbia?" Wapo wanaokimbia. Hesabu wanaobaki. Sisi tuko kisiwani. Nikimuuzia mtu wa Bweni au Jibondo mashine ikazima baada ya wiki, kuirudisha ni boda, ni mashua, ni siku nzima ya kazi kwake, halafu anakuja kuniponda kwenye kila grupu la WhatsApp la wilaya, na wilaya hii tunajuana. Nikimuuzia wa Dar, mzigo unapanda boti hadi Nyamisati, unapanda gari, na kurudi ni hivyo hivyo. Mteja mmoja wa kurudisha anakula faida ya wateja wawili.

Chukua hesabu ya mfano. Sipiyu iliyokufa 30,000. Kapasita, betri, spiriti na lehemu 15,000. SSD ndogo 45,000. Usafiri wa vipuri 10,000. Hapo ni 100,000 na bado hujajilipa saa 5 au 6 za kazi. Ukiuza 120,000 kwa "haina tatizo" umefanya kazi ya 20,000, na ikirudi umelipa wewe. Ukiuza 170,000 ukiwa na karatasi ya matengenezo na dhamana ya miezi mitatu, mteja anaona kwa nini ni 170,000.

Wakenya hili walilishika mapema. Pale Nairobi, Computers for Schools Kenya walianza mwaka 2002: wanapokea kompyuta zilizotumika, wanazikagua, wanazitengeneza, ndipo zinapelekwa mashuleni, na zile zilizokwisha kabisa zina sehemu ya kuchambuliwa badala ya kutupwa. Wao ni taasisi, mimi na wewe ni meza moja na feni. Lakini kukagua na kuandika hakuhitaji taasisi. Kunahitaji daftari.

Tangazo langu la mwisho liliandikwa hivi, mnaweza kuiba: "Kompyuta ya mezani, Pentium 4, RAM giga 2. Ilikuwa inajizima. Nimebadilisha kapasita 9, betri, na hadi diski nimeweka SSD mpya ya giga 120. Feni ni ile ile ya zamani, inapiga kelele kidogo asubuhi. Kava lina mkwaruzo upande wa kushoto, picha ya tatu. Ina Linux, haifai kwa video nzito. Diski ya mwenye nayo wa kwanza imefutwa yote. Imewaka saa 48 mfululizo kabla ya kuposti. Dhamana miezi mitatu kwa nilichobadilisha, sio kwa feni." Nimeweka picha za kapasita za zamani zilizovimba kwenye kiganja changu. Watu waliuliza kuhusu hiyo picha kuliko kuhusu bei, na aliyenunua hakuomba punguzo.

Kuhusu zile saa 48: msizipunguze. Umeme wa huku mnaujua. Mashine inayostahimili siku mbili za umeme wetu, kukatika na kurudi, imefanya mtihani ambao hakuna fundi anayeweza kuutunga mezani. Mteja naye umshauri anunue stabilaiza.

Waliouliza wiki iliyopita kuhusu kapasita za volti 6.3: mzigo umefika Nyamisati tangu juzi, kusi imechafuka kwa hiyo unasubiri kuvuka. Ukifika nitaposti idadi. Wenye mashine ambazo tayari ziko mezani kwangu mtapata kwanza, wengine tutagawana zitakazobaki.